Impecunious, Yaani Mtu Asiye na Mifugo

Kuna maneno ya Kiingereza ambayo huvaa suti na tai hata Jumapili. Impecunious ni mojawapo. Hutalisikia kwenye matatu, na hata kwenye ofisi za Nairobi ambako watu huchapa Kiingereza kutoka asubuhi hadi jioni, sidhani utalisikia mara mbili kwa mwaka. Makao yake ni riwaya za zamani za Uingereza, na mahakama. Mimi nilikutana nalo kwenye karatasi za mahakama. Ilikuwa kesi ya madai, na upande wa mshtakiwa ulikuwa unaomba mdai alazimishwe kuweka pesa za dhamana kabla kesi haijaendelea, kwa sababu mdai huyo ni impecunious. Kwa Kiswahili cha kawaida: hana kitu. Kwa lugha ya mtaa: amesota. Akishindwa hatakuwa na cha kutulipa, basi afungiwe mlango mapema.

Nilipenda vile neno lenyewe linavyosikika. Silabi tano za kusema mtu hana hata mbao. Nikaenda kulitafuta kwenye kamusi, nikitarajia maelezo ya mistari miwili, halafu nirudi kwenye shughuli zangu. Lakini mzizi wake ulinirudisha nyumbani Turkana, kusini kabisa, kwenye kituo kidogo cha Kalemng'orok kilicho kando ya barabara ya A1 itokayo Kitale kwenda Lodwar. Sikutarajia Kilatini kinipeleke huko.

Tulivunje neno. Mwanzoni kuna in-, kikanushi cha Kilatini, ambacho mbele ya herufi p hugeuka kuwa im-. Katikati kuna pecunia, yaani pesa au mali. Mwishoni kuna kiambishi kinachoonyesha wingi wa kitu: pecuniosus ni mtu aliyejaa pecunia, tajiri. Waingereza walianza kutumia impecunious mwishoni mwa karne ya 16, kumaanisha mtu asiye na hela. Mpaka hapo hakuna cha ajabu. Ajabu iko kwenye pecunia yenyewe, kwa sababu imetoka kwa pecus, na pecus ni mifugo. Ng'ombe, kondoo, mbuzi. Ukilifuata neno hadi chini kabisa, impecunious si mtu asiye na pesa. Ni mtu asiye na mifugo.

Hii si hadithi iliyobuniwa na wataalamu wa juzi. Warumi wenyewe walijua. Varro, msomi wa karne ya 1 KK, aliandika kwamba pesa zilipata jina lake kwa mifugo kwa sababu mali ya wachungaji ilikuwa mifugo. Cicero, aliyeishi wakati huohuo, anaeleza kwamba zama za Romulus faini zilitozwa kwa kondoo na ng'ombe, kwa kuwa mali ya watu ilikuwa ya aina mbili tu: mifugo na mashamba. Mwenye mifugo mingi aliitwa pecuniosus. Mwenye ardhi nyingi aliitwa locuples, yaani aliyejaa mahali, aliyejaa ardhi. Shika hayo maneno mawili, pecuniosus na locuples, tutayahitaji tukifika Kenya.

Habari za faini zinachekesha kidogo. Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2 BK, anasema faini kubwa kuliko zote huko zamani ilikuwa kondoo 2 na ng'ombe 30. Kwa nini kondoo wachache hivyo? Kwa sababu, anasema, ng'ombe walikuwa wengi na kondoo walikuwa adimu. Halafu shida ikatokea, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la kusuluhisha wizi wa mifugo anaweza kuitabiri: waliotozwa faini walikuwa wanaleta wanyama wa ovyo. Kuna ng'ombe, halafu kuna ng'ombe. Adhabu moja ikawa nzito kwa huyu na nyepesi kwa yule. Ndipo ikatungwa sheria ya kuweka bei: kondoo mmoja ni vipande 10 vya shaba, ng'ombe mmoja ni vipande 100. Hapo ndipo unaona mnyama akianza kugeuka kuwa nambari.

Pliny Mzee naye anadai kwamba mfalme Servius ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga chapa kwenye shaba, na chapa hiyo ilikuwa picha ya mifugo. Kuhusu huyo mfalme sitaapa, lakini vipande vya shaba vya Kirumi vya karne ya 3 KK vyenye picha ya ng'ombe vipo, vimehifadhiwa makumbusho. Pesa ilikuwa imebeba picha ya kile ilichokuja kukibadilisha. Sarafu zetu mpya za Kenya, zilizotolewa Desemba 2018, pia zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Wote wa porini. Wanyama ambao ukifuga unakamatwa. Hakuna hata mbuzi mmoja.

Ukishaanza kuona mifugo ndani ya Kiingereza huwezi kuacha. Peculation, wizi wa mali ya umma, inatoka kwa mzizi uleule, kwa hiyo yule afisa anayekula pesa za kaunti ana undugu wa kilugha na mwizi wa mifugo. Cattle, chattel na capital ni ndugu watatu wa mama mmoja, capitale, kutoka caput, kichwa, na wafugaji mpaka leo huhesabu mali yao kwa vichwa. Hata ile fee inayokusumbua kila muhula ina ukoo na neno la Kiingereza cha kale, feoh, lililomaanisha mifugo na pesa kwa pamoja. Wajerumani bado wanaita mifugo Vieh. Wazazi wa Turkana wanaouza mbuzi ili walipe karo wanafanya kitu ambacho neno lenyewe linakikumbuka.

Ila ndugu ninayempenda zaidi ni peculiar. Sote tunalijua kwa maana ya kitu cha ajabu. Zamani lilimaanisha kitu chako peke yako, na kabla ya hapo kulikuwa na peculium. Roma, mtoto wa kiume, hata awe na ndevu, hakumiliki kitu ilhali baba yake yu hai. Mtumwa naye vilevile. Lakini baba au bwana angeweza kumpa fungu kidogo la mali alitunze na kulizalisha kana kwamba ni lake. Hilo ndilo peculium, na mwanzoni bila shaka lilikuwa wanyama wachache. Kisheria ni ya mzee. Kimatumizi ni yako.

Nilipoisoma hiyo nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaisoma mahali pengine. Philip Gulliver, mwanaanthropolojia Mwingereza, alichapisha mwaka wa 1955 kitabu kuhusu Waturkana na jirani zao Wajie wa Uganda, akakiita The Family Herds. Ndani yake utaikuta picha hiyohiyo: zizi ni la baba, lakini ndani ya zizi kila mke ana wanyama aliotengewa, anawakama yeye, watoto wake wananywa maziwa yao, na wana wake wanajua kwamba siku moja hao ndio watakaokuwa mwanzo wa mifugo yao. Mke si mmiliki. Lakini ukimgusa mbuzi wake bila kumuuliza utajua hujui. Roma ilikuwa na neno la kisheria kwa hali hiyo, na wanawake wa Turkana wameiishi bila kungoja Mlatini yeyote aipe jina. Na tusiipambe sana: chini ya mpangilio huo mwanamke anaweza kulea wanyama maisha yake yote na siku mume akifa, au ndoa ikivunjika, akakuta kwamba neno la mwisho halikuwa lake.

Sasa twende Kalemng'orok. Ukitoka Kitale unateremka Marich, unapita Kainuk, na kabla ya Lokichar unafika. Mto Turkwel hauko mbali, na Katilu, yenye mashamba ya umwagiliaji, ni jirani. Ni kituo cha barabarani: maduka, pikipiki, mbuzi wanaotembea kama wao ndio wenye lami. Mimi nimelelewa Lodwar, kwa hiyo kwa watu wa huku mimi ni wa upande wa ngikatapa, watu wa mkate, jina ambalo Waturkana hutumia kwa wale waliokaa mjini, wakasoma, wakazoea kununua chakula. Wafugaji wenyewe huitwa ngiraiya, na hapo utatambua neno letu la Kiswahili, raia, limevaa shuka. Serikali iliwaita raia, nao wakalichukua jina hilo likawa lao, na sasa raia kamili ni yule aliye na mifugo. Mimi mwenye kitambulisho, KRA PIN na akaunti mbili za benki, siyo raiya.

Kwa Kiturkana, mifugo ni ngibaren. Pesa ni ngaropiyae, na hilo ni neno la mgeni: ni rupia. Rupia ilikuwa pesa ya himaya ya Waingereza Afrika Mashariki mpaka 1920, ilipobadilishwa kuwa florini, kisha 1921 ikaja shilingi. Rupia ilishakufa karne moja iliyopita, lakini Turkana bado inatembea mfukoni kama jina. Kiswahili nacho kiliazima: pesa kutoka India, fedha kutoka Arabuni, na hata mali ni neno la Kiarabu ambalo kwa Mabedui humaanisha pia mifugo. Lakini ngibaren haikuazimwa. Vuka uende kwa Wateso wa Busia na mashariki mwa Uganda, wenye lugha ya ukoo mmoja na Kiturkana: mifugo ni ibaren, na utajiri ni abar. Ni pecus na pecunia tena, huko Teso, pasipo Varro wala Cicero.

Nilimuuliza mjomba wangu mmoja pale Kalemng'orok, mzee aliyeniona nikikua, mtu maskini ni nani. Tulikuwa tumekaa chini ya mti, chai ya rangi mkononi. Nilidhani atasema ni asiye na mbuzi. Alifikiri kidogo.

"Mwanangu, asiye na mbuzi anaweza kuwa nazo kesho. Maskini ni yule hana mtu wa kuomba mbuzi."

Akaanza kunihesabia. Ngamia jike yuko kwa fulani upande wa Lokichar, zawadi aliyompa walipokuwa vijana. Mbuzi sita wako kwa shemeji. Fulani wa Kakuma ana deni la ndama tangu ule mwaka wa ugonjwa. Kila jina lilikuja na mnyama, na kila mnyama alikuja na hadithi, na chai ikapoa. Wafugaji humwita rafiki wa namna hiyo lopai, rafiki yangu, lakini si urafiki wa kupiga stori tu. Ni mfumo wa kuweka mali mahali ambapo ukame mmoja au wavamizi wa usiku mmoja hawawezi kuimaliza yote. Benki, ila imetawanyika kilomita mia mbili na haina mlango wa kuvunja.

Na tuwe wakweli, mfumo huo huwa na watu wa nje. Kando ya Turkwel, upande huu wa kusini, waliishi Ngikebotok, watu wa mtoni waliolima mtama na kuwinda, na ambao wenzao wenye ng'ombe waliwatazama kama maskini hata ghala zao zilipokuwa zimejaa. Mtama haukuwa mali. Kwa hiyo lile dharau lililomo ndani ya impecunious, la kumpima mtu kwa kile asichonacho, halikuletwa na meli.

Kilichokuja na wageni ni kasi. Kutoka mwanzoni mwa karne iliyopita, jeshi la King's African Rifles lilifanya msafara baada ya msafara kuingia Turkana, na mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa 1918 unaojulikana kama Labur Patrol, ulioshirikisha pia askari kutoka Sudan. John Lamphear, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee, aliandika kitabu kizima kuhusu kipindi hicho, The Scattering Time, kilichotoka 1992. Silaha kuu ya Waingereza ilikuwa bunduki, lakini lengo la bunduki lilikuwa zizi. Waliteka mifugo kwa maelfu na maelfu. Huwezi kumzingira mtu anayehama, huna mji wa kuuteketeza, basi unachukua kile kinachomfanya awe mtu. Kwa lugha ya Cicero, ilikuwa vita ya kuwageuza pecuniosi kuwa impecunious.

Baada ya vita ikaja sheria, na hapa Roma inarudi kwa njia ambayo sikuitegemea. Sheria ya adhabu ya pamoja ya 1909, na baadaye ile ya wilaya maalum ya 1934, ziliruhusu serikali kutoza jamii nzima kwa kosa la mtu mmoja, na malipo yalikuwa mifugo. Kondoo 2 na ng'ombe 30, lakini bila Gellius wa kulalamika kwamba haki haikuwa sawa. Kisha kodi, ambayo hatimaye ilitakiwa kwa pesa taslimu. Ili upate ngaropiyae ilibidi uuze mnyama, kwa bei ya mfanyabiashara, na ukiwa kwenye wilaya iliyofungwa, ambako mtu haingii wala kutoka bila kibali, huna soko jingine la kujaribu. Turkana ilifungwa hivyo kwa miongo mingi. Ilikuwa mbali kiasi kwamba mkoloni alipotaka kumficha Jomo Kenyatta baada ya hukumu ya Kapenguria ya 1953, alimpeleka Lokitaung, na kutoka 1959 akamweka Lodwar hadi 1961.

Sasa turudi kwa yale maneno mawili. Kenya iliyozaliwa 1963 ilikuwa nchi ya locupletes. Sitanii. Vita vya uhuru vilipiganwa kwa jina la ardhi, siasa ya uhuru ikawa siasa ya hati miliki, na hadi leo mtu akipata pesa yake ya kwanza Nairobi anaulizwa umenunua ploti wapi, haulizwi umenunua ng'ombe wangapi. Mwaka wa 1965 serikali ikachapisha waraka wake maarufu, Sessional Paper No. 10, na humo ikasema wazi kwamba pesa za maendeleo ziende mahali zitakapozaa haraka: kwenye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme tayari. Ukiusoma leo ni waraka wa adabu kabisa, hauna tusi hata moja. Lakini kwa Turkana maana yake ilikuwa ngojeni. Mali inayotembea haikuonekana kama mali. Ilionekana kama kukosa ardhi.

Halafu ukaja Lopiar. Waturkana huupa mwaka mbaya jina, na Lopiar ni ule wa 1979 hadi 1981, jina linalobeba maana ya kufagia. Ukame, ugonjwa wa mapafu kwa mifugo, na bunduki: Idi Amin alipoanguka Aprili 1979, ghala la silaha la Moroto liliporwa, na mizani ya uvamizi mpakani ikabadilika kabisa. Makadirio ya wakati ule yalisema karibu ng'ombe 9 kati ya kila 10 walipotea. Makumi ya maelfu ya watu walijikuta kwenye kambi za chakula, na kwa watoa misaada jibu likawa moja: hawa watu wafanywe kitu kingine. Wawe wakulima Katilu. Wawe wavuvi Kalokol, ambako Wanorwe walijenga kiwanda cha kugandisha samaki kando ya ziwa. Ziwa lilirudi nyuma, gharama ya umeme na maji safi ilikuwa kichaa, na kiwanda hakikufanya kazi iliyokusudiwa. Waliovua samaki, wengi wao, walifanya kile mtu yeyote wa ngibaren angefanya: pesa ya samaki ilinunua mbuzi.

Huo ndio uamuzi ambao ripoti nyingi ziliuona kama ukaidi. Mimi nauona kama hesabu. Mbuzi anazaa. Wagiriki waliita riba tokos, neno lilelile la mtoto aliyezaliwa, kwa sababu hata wao walipoona pesa ikiongezeka walikosa picha nyingine isipokuwa mnyama aliyejifungua. Shilingi iliyo chini ya godoro Kalemng'orok haizai.

Mwaka 1992 Kakuma ikapata kambi ya wakimbizi, wengi wa kwanza wakiwa vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu, na wengi wao walikuwa watoto wa wafugaji wa ng'ombe, walioachwa bila hata mmoja. Humo ndani pesa ilichukua sura mpya kabisa: kuanzia 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaleta Bamba Chakula, mgao unaofika kwenye simu, unaotumika kwa wauzaji waliosajiliwa tu. Ni pesa isiyo na picha ya chochote. Na wenyeji wa nje ya uzio, wenye mbuzi, wakaanza kuwauzia wakimbizi nyama na kuni ili wapate unga. Usiku wa Kakuma sijui nani alikuwa impecunious zaidi. Ilitegemea unauliza kwa neno lipi.

Hapa ndipo kichwa huanza kuuma. Sensa ya 2009 ilihesabu Turkana mbuzi karibu milioni 6, kondoo milioni 3.5, ng'ombe milioni 1.5 na ngamia zaidi ya 800,000. Utafiti wa serikali wa 2015/16 ulipopima umaskini, Turkana ilishika mkia wa nchi nzima: asilimia 79.4 ya watu walikuwa chini ya mstari, mstari ambao mashambani ulikuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kaunti yenye mifugo mingi hivyo ndiyo maskini kuliko zote. Ni rahisi kusema watafiti wamekosea, na kuna wanasiasa wetu ambao wangependa tuamini hivyo. Hawakukosea kile walichopima. Walipima matumizi, kinachoingia tumboni na nyumbani, hata maziwa ya zizi lako yanahesabiwa. Zizi lenyewe ndilo halihesabiwi. Na wastani wa mbuzi hauambii nani anao: kuna boma lenye ngamia sitini, na kuna mama anayechoma makaa kando ya barabara ambaye mara ya mwisho alikama kabla ya Lopiar. Huyo wa pili ni impecunious kwa Kilatini, kwa Kiingereza na kwa Kiturkana, na hakuna somo la mizizi ya maneno litakalompunguzia njaa. Mwaka wa 1999 David Anderson na Vigdis Broch-Due walihariri kitabu kuhusu jambo hilihili, The Poor Are Not Us, na kichwa chake kinaonyesha tatizo kutoka upande wa wafugaji wenyewe: aliyepoteza mifugo anaweza akahesabiwa kuwa si mwenzetu tena. Anafutwa mara mbili, kwanza na ukame, kisha na jina.

Miaka ya karibuni serikali imejaribu kuongea lugha ya zizi. Mpango wa bima ya mifugo ulianza 2015, Turkana na Wajir zikiwa za kwanza. Setilaiti hutazama rangi ya nyasi kutoka angani, na malisho yakikauka kupita kiwango fulani, pesa hutumwa kabla wanyama hawajafa, ununue majani na dawa. Nilipomweleza mjomba, alichokataa si setilaiti. Alikataa kwamba kitu kilichoko mbali hivyo kinaweza kutofautisha nyasi ambazo mbuzi anakula na zile anazoruka. Na ni swali halali, hata wataalamu wa mpango huo wamehangaika nalo. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 katika kaunti kavu za Kenya, na hakuna bima iliyokuwa na upana huo.

Kisha kuna njia ya haraka zaidi ya kugeuzwa impecunious, ambayo watu wa barabara kati ya Kainuk na Kalemng'orok wanaijua kuliko wanavyotaka. Februari 2023 serikali ilituma jeshi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ikiwemo, kwa sababu ya uvamizi. Magazeti ya Nairobi huita huo wizi wa mifugo, na neno wizi linaufanya usikike kama mtu amebebewa simu. Fikiria uamke asubuhi ukute akaunti ya benki, shamba, bima ya afya, mahari ya mwanao na nafasi yako katika baraza la wazee vimesukumwa kwa bunduki kuvuka bonde. Mahakama ya Lodwar ikikaa kusikiliza kesi za namna hiyo, kuna kitu wanasheria huita pecuniary jurisdiction, kiwango cha juu cha thamani ambacho hakimu wa ngazi fulani anaruhusiwa kuamua. Kwa hakimu mkazi ni shilingi milioni 5. Neno kwa neno, ni mamlaka ya mifugo. Sidhani kuna mtu mahakamani humo anayelitamka akimfikiria mbuzi.

Siku ile chini ya mti nilijaribu kumtafsiria mjomba hadithi yote. Nikamwambia kwamba Wazungu, wale wa zamani sana, pesa zao zilianza kama ngibaren, na kwamba hadi leo neno lao la mtu aliyeishiwa linasema hana mifugo. Alinifanya nilitamke impecunious mara tatu. Akajaribu yeye mwenyewe, akakwama katikati, akacheka.

"Sasa hizo mbuzi zao ziliisha aje? Ni ukame?"

Nikasema hapana, waliziuza polepole, wakaandika bei kwenye shaba.

"Bei gani?"

Nikamwambia: kondoo vipande kumi, ng'ombe mia. Alitulia akipiga hesabu, akitazama mbuzi waliokuwa wakivuka barabara. Akasema kondoo mmoja kwa sehemu ya kumi ya ng'ombe si mbaya, ila angetaka kwanza amwone huyo ng'ombe.